Blanketi la Stima la Rumu Namba Nne

Wewe ambaye asubuhi hizi unashindwa kufunga kifungo cha blauzi, na hujamwambia mtu kwa sababu unaona aibu kushindwa na kifungo, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi nilianzia hapo hapo. Kwanza kifungo, halafu kifuniko cha chupa ya chai, halafu ufunguo wa kufuli. Siku niliyoshindwa kumfunga binti yangu Violet tai ya shule nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kama mtoto, na mtoto mwenyewe akasimama mbele yangu akaniambia, "Wacha tu, Mama. Hata ya mwalimu wetu imekaa vibaya." Alikuwa darasa la pili.

Ugonjwa huu kwa Kiswahili unaitwa baridi yabisi, na mimi naamini aliyeupa jina hilo aliwahi kuuugua. Unatoka wapi, sitakueleza. Madaktari walikuwa na lao, mama mkwe kule Vihiga alikuwa na lake, watu wa kanisani nao walikuwa na lao, na katika hao wote hakuna aliyewahi kunishikia kikombe. Nitakuambia tu niliyoyapitia, na jambo moja nililolifanya nikiwa nimelala chali, ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko vidole.

Tulikuwa tukikaa Dandora, katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu nitamwita Baba Violet, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita. Alikuwa kibarua kwenye ghala moja kule viwandani, na mimi kabla ya kuugua nilikuwa nikishona magunia kwenye kiwanda cha jirani yake. Ploti yetu ilikuwa na rumu kumi zilizozunguka uani, bomba moja la maji, choo kimoja, na mita moja ya stima. Mita ilifungwa ukutani karibu na geti, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa ploti, Mzee Gacheru. Saa kumi na mbili jioni alifungua kisanduku akawasha swichi ya rumu zetu, zote zikawaka kwa mara moja. Saa moja asubuhi aliizima. Kila rumu iliruhusiwa taa moja na redio. Pasi ya stima, hapana. Koili ya kupikia, hapana kabisa. Ukishikwa nayo unafunganya vyako. Bili ikija iligawanywa sawa kwa sawa kwa rumu kumi, uwe na redio au usiwe nayo.

Kila Alhamisi nilikwenda kliniki ya misheni upande wa Makadara kudungwa sindano. Daktari alisema ndani ya dawa hiyo mna dhahabu kidogo, na kwamba nisitegemee nafuu kabla ya sindano ya kumi na tano au ishirini. Baba Violet aliposikia habari ya dhahabu alicheka. "Kumbe nimeoa mke wa bei hivi, na siwezi kumuuza." Hiyo ilikuwa sindano ya pili. Bado tulikuwa tunacheka.

Pale kliniki mlikaa kwenye mabenchi marefu, na kila mgonjwa alipoitwa ndani, benchi zima lilisogea nafasi moja. Watu wazima wa mwili hawajui kwamba kusogea ni kazi. Unaweka viganja ubaoni, unajiinua, unajisukuma. Viganja vyangu havikuweza kubeba uzito wangu. Benchi likisogea mimi nilibaki, pengo likatokea mbele yangu, na walio nyuma wakaanza kuguna. Wengine walinipita wakakaa mbele, bila ubaya, wakidhani nimeamua kungoja mtu. Namba yangu ilikuwa kipande cha kartoni, na kwa kuwa vidole havikukunjika niliishika kwa meno. Alhamisi ya nne au ya tano mama mmoja mnene, mgonjwa wa presha, alinitazama na ile kartoni mdomoni, akasema, "Wewe dada, egemea hapa." Akawa ananisukuma kwa nyonga yake kila benchi liliposogea. Tangu siku hiyo nilimtafuta kila Alhamisi kabla hata ya kumtafuta nesi. Jina lake sikuwahi kumuuliza.

Pamoja na sindano nilipewa vidonge vidogo vyeupe vya kupunguza uvimbe, vya kumezwa na maziwa. Viliutoa uvimbe magotini vikauhamishia usoni. Mashavu yakajaa, macho yakaingia ndani, shingo ikapotea. Watu wa ploti wakaniambia nimenenepa, dawa imenikubali, Baba Violet ananitunza. Na mimi hapo nilipokaa sikuweza kujifunga leso. Vidole vilianza kuelemea upande mmoja, vyote vikimfuata mdogo wao wa mwisho. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe na fundi wa baiskeli kwa msumeno wake mdogo, mume wangu akiwa amenishika mkono na kutazama kando.

Baba Violet alijifunza kupika. Kwetu mwanamume hasongi ugali mke wake akiwa ndani ya nyumba, na wanaume wenzake walimchekelea kila alipotoka uani na sufuria. Mwanzoni aliwajibu kwa utani. Baadaye akaacha kuwajibu, na baadaye tena akaacha kuongea hata na mimi. Mama yake aliandika barua kwamba nirudishwe nyumbani nikaombewe, na yeye aje Nairobi amtunze mwanawe. Baba Violet aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya Biblia. Kwa majuma mengi nililala nikiitazama pembe ya barua ile ikichungulia, na nilikuwa naogopa. Niliogopa kurudishwa nyumbani kama kiti kilichovunjika mguu, mwanangu akibaki mjini.

Aliyenibeba kwa kweli ni jirani yangu, Mama Zuhura wa rumu namba saba. Alikuwa mjane, mzaliwa wa Majengo, mwenye ulimi wa haraka na mikono ya haraka zaidi. Kila alfajiri alikaanga mahamri kwa jiko la makaa pale kona ya uani, akayauza getini kwa wanaowahi kazini, na saa moja ikifika ameshaosha karai. Hapo alikuja kwangu. Hakubisha. "Hodi nilipiga jana," ndivyo alivyosema. Aliniogesha, akanivisha, akanichana nywele, akaniketisha kwenye kiti, kisha akatandika kitanda. Nikimshukuru alikasirika.

"Nyamaza weye. Ukipona utanisuka nywele mwaka mzima, tena bila kulalamika."

Kisha ukaja mwezi wa saba. Aliyekaa Nairobi anaujua: wiki nzima bila jua, manyunyu, ukungu umelalia mabati, na sakafu ya saruji inayopandisha baridi mpaka kitandani. Nilikuwa kwenye sindano ya tisa, na maziwa ya kumezea vidonge Violet aliyanunua kwenye kiduka kipya cha mbele ya ploti. Niliamka nimekakamaa mwili mzima, mpaka taya. Sikuweza kugeuka ubavu bila kugeuzwa. Vidole havikukubali kukunjika mpaka saa nne, saa tano za asubuhi. Mara mbili nilijikojolea kwa sababu miguu ilikataa kushuka kitandani, na Mama Zuhura akabadilisha shuka akipiga soga za Majengo kana kwamba hakuona kitu. Naliandika hili kwa sababu huenda limekupata na unadhani ni wewe peke yako.

Jumamosi moja Baba Violet alikwenda Gikomba kutafuta blanketi zito. Muuzaji mmoja wa mitumba alikuwa ametupa pembeni blanketi la rangi ya maziwa, analiuza bei ya kuondoa mkosi, kwa kuwa wateja walilalamika lina nyaya ndani zinazochoma mbavu. Baba Violet alizijua nyaya zile. Zamani aliwahi kufanya kazi ya nyumbani kwa familia moja kule Parklands, na nyanya wa nyumba hiyo alilalia blanketi kama hilo. Lilikuwa na swichi nyeupe iliyoandikwa moja, mbili, tatu, na kwenye pindo palishonwa lebo ndogo ya kitambaa yenye maandishi ya Kiingereza na namba. Hatukuijali ile lebo.

Rumu zetu hazikuwa na soketi. Baba Violet aliitoa taa, akaweka kile kidude cha matundu ambacho watu walichomekea redio, akairudisha taa chini yake, akavuta waya nyuma ya pazia mpaka kitandani. Blanketi tukalitandika chini ya shuka. Liliwashwa jioni kidogo, na tena alfajiri kabla ya Mzee Gacheru kuzima.

Asubuhi ya kwanza niliinua kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Kilikuwa nusu kikombe, lakini nilikiinua. Nilimwita Violet aje aone. Baba Violet alisimama mlangoni na viatu mkononi, akatazama, kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku za sindano ya pili.

"Kumbe dawa yako ilikuwa kuchomwa tu, kama mahindi," akasema, na akacheka mpaka akakaa chini.

Sikupona. Magoti yalikuwa yale yale na vidole vile vile. Ila niliweza kushuka kitandani nikishikilia ukuta, na shuka hazikulowa tena. Na siku moja nilipotazama chini ya Biblia, barua haikuwepo. Sikumuuliza aliipeleka wapi.

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Kwenye ploti ile kila kitu cha stima kinachotoa joto kilihesabiwa kuwa wizi, na aliyekuwa nacho alikuwa mwizi wa watu tisa. Hata Mama Zuhura sikumwambia. Nilijiambia kwamba simwambii ili nisimtie kwenye matatizo. Ukweli ni kwamba niliogopa ulimi wake.

Bili ya mwezi huo ilikuja karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Ya mwezi uliofuata ikapita hiyo. Mwenye ploti akatuma habari kwamba isipolipwa yote, watakuja kukata waya wa ploti nzima. Tulijua ni nani. Nani mwingine? Tulizilalia zile nyaya wenyewe. Baba Violet akasema tulizime wiki moja tu, halafu tuone. Tulizima siku tatu. Asubuhi ya nne alinikuta nikijaribu kushika mswaki kwa viganja viwili, mdomo umejaa povu na machozi, na jioni yake akaliwasha. Isitoshe, tungeona nini? Mita ilikuwa ndani ya kisanduku, na ufunguo alikuwa nao Mzee Gacheru.

Jumapili moja baada ya kanisa Mzee Gacheru aliwaita watu uani. Niliwasikia vizuri, kwa sababu mlango wetu ulikuwa wazi na pazia tu ndilo lililofungwa.

"Mimi niko na taa moja na redio ya betri, jo," alisema kijana wa rumu namba kumi. "Sasa hiyo bili ni ya nani? Kuna msee kwa rumu moja hapa anatukula."

"Leo tunaingia nyumba kwa nyumba," akasema Mzee Gacheru. "Kama hauna kitu, unaogopa nini?"

Waliingia kwetu wakiwa wawili, mzee na yule kijana. Mchana stima haikuwepo, na Baba Violet alikuwa amekwisha kuteremsha kile kidude na kukitia mfukoni, na waya akausukuma chini ya godoro. Mzee Gacheru akatazama darini, akafungua pazia la nyuma, akainama chini ya kitanda. Mimi nilikuwa juu yake, juu ya blanketi, nimefunikwa mpaka kidevuni.

"Pole, mama. Bado tu?"

"Bado, mzee."

"Mungu atasaidia." Kisha akamwambia yule kijana, aliyekuwa akiutazama mto niliolalia, "Wacha. Mgonjwa hatuwezi kumwinua."

Walipofika rumu namba saba niliwasikia wakivuta vitu. Chini ya kitanda cha Mama Zuhura, ndani ya ndoo kuukuu, walikuta koili.

"Hii ni nini?"

"Koili," akajibu Mama Zuhura. "Ya marehemu. Nayo imekufa kabla yake. Hamwoni imekatika na kutu imeila? Haya iwasheni, muone kama itawaka."

"Stima imezimwa saa hii."

"Basi ngojeni jioni! Kuna anayewafukuza?"

Hakuna aliyetaka kungoja jioni. Walikuwa wamemtafuta mtu miezi miwili, na sasa wamempata. Mwanamke mmoja akauliza mbona makaa yake hayaishi, gunia moja linapita mwezi na yeye anakaanga kila siku. Mwingine akasema ndiyo maana mahamri yanaiva upesi vile. Mama Zuhura akawajibu kila mmoja kwa zamu yake, kwa sauti ile ya kuweza kusikika Kariobangi, kisha ghafla akanyamaza. Nilingoja aendelee. Nilisikia watu wakikohoa, mtoto akipigapiga ndoo, na yeye kimya.

Mikono yangu ilikuwa mibovu, na magoti yalikuwa mabovu. Mdomo ulikuwa mzima. Nilihitaji maneno matatu tu: blanketi ni langu. Nilipumua ili niyaseme, na Baba Violet, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti amenipa mgongo, akageuza kichwa na kuninong'oneza.

"Nyamaza, Mama Violet. Nakuomba. Nyamaza."

Nikanyamaza. Usimlaumu sana. Hakunifunga mdomo kwa mkono wake. Niliwaza mswaki, niliwaza shuka, niliwaza barua ya mama yake, na nikayameza yale maneno matatu, na yakapita kooni bila taabu yoyote. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilimeza vidonge kwa shida kuliko nilivyoyameza yale maneno.

Mama Zuhura alipewa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na katika wiki hizo mbili hakukosa hata asubuhi moja. Saa moja ikifika aliingia bila kubisha, akaniogesha, akanivisha, akatandika kitanda. Soga zilikuwa zimepungua. Siku ya mwisho mizigo yake ilikuwa tayari kwenye mkokoteni nje ya geti, na yeye akawa bado ananichana nywele, polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Sasa nani atakuogesha, weye?"

Nikasema, "Mungu yupo."

Alisimama kidogo nyuma yangu na kitana mkononi, kana kwamba anangoja nimalize. Kisha akakiweka mezani akaondoka.

Kazi yake alianza kuifanya Violet, na kila siku alichelewa shule. Bili iliyofuata hatukuiona. Mwenye ploti alisema amechoka na ugomvi. Kuanzia sasa kila rumu italipa kiasi kimoja cha stima pamoja na kodi, na mambo ya bili waachiwe yeye na Mzee Gacheru. Watu wakafurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu hapangekuwa na upekuzi tena. Sindano ya ishirini na mbili ilinikuta mvua za mwezi wa kumi na moja zikinyesha. Asubuhi moja nilifunga kifungo cha blauzi. Nikakifungua, nikakifunga tena. Nilikaa pale kitandani nikifunga na kufungua mpaka Violet akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Nilitamani kumwonyesha Mama Zuhura kile kifungo. Nilimwendea kichwani mwangu kila siku kwa miaka, na kila siku nilikuwa na sababu ya kutokwenda.

Tulihamia Kariobangi Saut, kwenye nyumba yenye mita yake. Ugonjwa ulitulia, kwa maana kwamba ulikaa pale ulipofika bila kuendelea. Vidole havikunyooka, lakini havinitoi machozi. Kila mwezi wa saba blanketi lilitoka sandukuni. Kisha mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, likakataa kuwaka, nikalipeleka Gikomba kwa fundi wa redio na pasi, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

Aligundua waya umekatika ndani ya swichi, akaunganisha. Wakati anafanya kazi nilimwambia, kwa kujaza kimya tu, "Ukilijaribu, liwashe kidogo tu, fundi. Hilo linakula stima ile mbaya."

Akashika pindo, akaileta ile lebo karibu na miwani. Akacheka.

"Nani alikudanganya? Wati themanini hii. Taa ya nyumbani kwako ni ngapi?"

Sikujua. Akachukua taa moja mezani kwake, akanionyesha namba iliyoandikwa juu ya kioo. Sitini. Akaweka lebo kando yake, themanini.

"Hii ni taa moja na kidogo, mama. Tena hapo ni ukiweka tatu. Ukiweka moja, hata taa inaishinda."

"Ilipandisha bili ya ploti nzima mara mbili."

"Hii? Haiwezi, hata ukiiwasha mchana na usiku. Mlikuwa na kitu kingine kwa hiyo mita. Nani alikuwa na friji?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Kisha nikakumbuka maziwa. Yale maziwa niliyomezea vidonge, Violet aliyanunua kwenye kile kiduka cha mbele ya ploti, kilichofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa sita na kuleta friji nyeupe ya soda, ndefu kuliko mtu. Ilinguruma usiku na mchana, hata saa zile ambazo rumu zetu zilikuwa zimezimwa. Tulijivunia. Tulikuwa ploti pekee kwenye mstari ule yenye maziwa yasiyoharibika. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa imefungwa kwenye mita yetu. Kisanduku sikukifungua mimi. Lakini watu wa rumu kumi tuliinama chini ya vitanda tukitafuta moto, na hakuna aliyefikiria kwamba kitu cha baridi kinaweza kula.

Nilikaa kwenye kibao cha yule fundi, nikashika ile lebo. Kidole gumba changu kiliijua vizuri. Miaka yote nimekuwa nikiipapasa nikilala. Kama una kitu kinachokupa nafuu na unakificha, kisome kwanza. Kama hujui kusoma namba zake, mpe anayejua. Mimi nilidhani nasema uongo ili kulinda kitu kikubwa, kumbe ningeweza kusimama pale uani, au kubebwa, nikasema ninacho, na kilichonistahili ni kulipia taa moja.

Nilikwenda Majengo kumuulizia Mama Zuhura. Dada yake akanielekeza mtaa wa Fedha, ambako bintiye Zuhura ameolewa, na mama anakaa kwake. Nilimkuta mchana, nje ya geti la nyumba zao, karai juu ya jiko la makaa. Alikuwa amepungua. Alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Umeweza kuja peke yako," akasema.

"Nimeweza."

Akanisukumia kigoda. Nikamwambia yote, chinichini, kwa sababu palikuwa na mwanamke anangoja mahamri. Nilipofika kwenye blanketi, hakushtuka.

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Weye nani alikuwa anakutandikia kitanda? Mwezi wa saba, mgonjwa ana mikono ya barafu, na godoro la moto kama limetoka juani. Nilizishika zile nyaya kwa mkono wangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme nini? Wangekuja wakakutoa juu yake." Akageuza hamri, akageuza jingine. "Nilitaka useme weye. Siku ile pale uani nililitazama pazia lako mpaka macho yakaniuma. Nikasema, atasema sasa hivi. Na ile siku nakuchana nywele, nikasema, leo atasema."

Nikamwambia lile nililokuja nalo, nikidhani litampunguzia. Nikamwambia ya fundi. Kwamba blanketi halikula kitu. Kwamba lilikuwa taa moja na kidogo, na huenda bili yote ile ilikuwa friji ya duka.

Mahamri yalianza kuungua, naye hakuyageuza.

"Hilo ungebaki nalo," akasema mwishowe. "Miaka yote hii najiambia, haya, nilitolewa pale, lakini mwenzangu alipata joto. Sasa nilitolewa kwa ajili ya nini?"

Akayaopoa yaliyoungua akayatupa kando. Kisha akaupangusa mkono wake kwenye leso, akaunyoosha.

"Lete."

Nikampa mkono wangu. Akavitazama vile vidole vilivyopinda, kimoja kimoja. Mkono wake ulikuwa wa moto, umetoka jikoni.

"Vinauma bado?"

"Asubuhi."

Hakuuachia. Nikamwambia, "Lilikuwa langu, Mama Zuhura."

"Najua. Lakini sema kwa sauti. Sema kama tuko uani."

Nikasema. Yule mwanamke aliyekuwa akingoja mahamri akageuka kututazama, na mlinzi wa geti naye akageuka.